Kwa Nini Niliinua Mkono?

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami namshukuru. Nataka kuitumia kuungama jambo moja dogo, kisha kutoa maoni yangu juu ya jambo kubwa kuliko hilo. Jambo kubwa ni hili: wakati mambo ya nchi au ya jamii yanapobadilika, sisi wanadamu huyapataje maoni yetu ya siasa? Wengi hudhani kwamba mtu husikiliza hoja za pande zote mbili, akazipima, kisha akachagua. Mimi pia niliamini hivyo. Sasa naona kwamba mara nyingi huanza kuchagua, kwa sababu asizozijua hata mwenyewe, na hoja huja nyuma kama mashahidi walioitwa kusema lile ambalo limekwisha amuliwa.

Niungame kwanza. Wanafunzi wenzangu walikumbuka vema baraza la muhula uliopita, lakini kwa faida ya wazazi nitaeleza. Katika shule yetu viranja huteuliwa na walimu kutoka katika majina yanayopendekezwa na viranja wanaomaliza. Mkuu wa Shule alituuliza kama twapenda utaratibu huo uendelee, au kama twapenda wanafunzi wapige kura. Aliuliza kwa nia njema, na alitamka wazi kwamba hapana mtu atakayeadhibiwa kwa maoni yake. "Wanaotaka utaratibu wa sasa uendelee, wainue mikono." Mikono ikainuka kila mahali. Viranja, kama ilivyo desturi, walikuwa wamesimama kando ya kila mstari. "Wanaotaka mabadiliko?" Mkono mmoja tu uliinuka, nao ulikuwa wa kijana mdogo wa Kidato cha Pili. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo jina lake bwenini na bwaloni ni "Mheshimiwa Upinzani".

Ungamo langu ni kwamba usiku uliotangulia baraza, mimi ndiye niliyeketi kitandani nikawaeleza wenzangu kumi na wawili kwa nini kura ni bora kuliko uteuzi. Wote waliafiki. Asubuhi yake, sisi sote kumi na watatu tuliinua mikono kwa utaratibu wa zamani. Na yule kijana alipochekwa, nami nilicheka.

Nilipokwenda likizo nilimsimulia babu yangu habari hii, nikitumaini atacheka pia. Hakucheka. Alinitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, hata mimi niliwahi kuinuka namna hiyo." Ndipo akanieleza habari za mwaka 1991.

Kwa vijana wasiojua, tangu Katiba ya Muda ya mwaka 1965 nchi yetu iliongozwa kwa mfumo wa chama kimoja: TANU upande wa Bara na ASP upande wa Zanzibar, mpaka vilipoungana tarehe 5 Februari 1977 vikawa CCM. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ili wananchi waulizwe kama wataka chama kimoja kiendelee au vyama viwe vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Katika kila 100, kama 77 walisema chama kimoja kiendelee, na kama 21 walitaka vyama vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na kuanzia tarehe 1 Julai 1992 vikaruhusiwa kwa sheria.

Babu wakati huo alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikwenda kwenye mkutano, na zamu yake ilipofika alisimama akasema chama kimoja kiendelee. Nilimwuliza, "Babu, ndivyo ulivyoamini?" Jibu lake nimelikariri, maana sijapata kusikia jibu la kweli kuliko hilo. Alisema: "Kwanza, nilikipenda chama, maana kilituletea uhuru na kilinipa heshima kijijini. Pili, katibu wa tawi alikuwa ameketi safu ya mbele. Tatu, aliyenitangulia alisema hivyo, na aliyemtangulia kadhalika. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo matatu lililosema kwa kinywa changu."

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa unasihi, naye akaniazima kitabu cha saikolojia, yaani elimu ya akili na nafsi ya mtu. Kwa kukisoma na kumwuliza yeye, nimeona kwamba yale aliyoyasema babu yamechunguzwa na wataalamu, na kwamba hayatuhusu sisi wawili tu. Nitayaeleza moja moja.

La kwanza ni mazoea. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu huutetea utaratibu aliouzoea, hata kama una uzito kwake, kwa kuwa uzito huo anaujua na mpya haujui. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, John Jost na Mahzarin Banaji, waliandika kwamba watu wana mwelekeo wa kuona mpangilio uliopo kuwa wa haki, na kwamba mara nyingine hata wale wanaoumizwa nao huutetea. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kwamba siku ya baraza walioinua mikono upesi kuliko wote walikuwa ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza, ambao ndio wachotao maji na kufagia kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini tusiyadharau mazoea. Babu hakuwa mjinga kukipenda chama. Alikuwa ameona watu waliotoka makabila mbalimbali wakikaa pamoja kwa amani, na alikuwa amesikia yaliyozipata nchi nyingine. Mtu anayeogopa kuharibu kitu kizuri hastahili kuitwa mwoga. Kosa huja pale tunaposhindwa kutofautisha kati ya "napenda jambo hili kwa sababu limenifaa" na "napenda jambo hili kwa sababu sijapata kuliona jingine".

La pili ni macho ya wenzetu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alifanya majaribio ambayo yeyote miongoni mwetu angeweza kuyafanya darasani. Aliwakalisha vijana wa chuo pamoja, akawaonyesha kadi yenye mstari mmoja, na kadi ya pili yenye mistari mitatu, akawataka waseme ni upi katika ile mitatu uliolingana kwa urefu na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini vijana wote isipokuwa mmoja walikuwa wamekwisha patana na mtaalamu huyo kutoa jibu la uongo kwa sauti moja, mara kumi na mbili katika kumi na nane. Yule mmoja hakujua. Alipofika zamu yake alikuwa amesikia wenzake wote wakisema lile ambalo macho yake yalilikataa. Vijana kama watatu katika kila wanne walifuata uongo huo angalau mara moja.

Kumbukeni kwamba hapakuwa na bakora, wala askari, wala kiranja. Palikuwa na mistari tu juu ya kadi. Ikiwa mtu hukana yale anayoyaona kwa macho ili asitengwe na watu asiowajua, atafanyaje juu ya mambo ya siasa, ambayo hayaonekani kwa macho, mbele ya majirani atakaoishi nao mpaka kufa?

Yako mambo mawili mengine katika majaribio hayo, nami nayaona kuwa ndiyo yenye faida kwetu. Asch alipomweka mtu mmoja wa kusema kweli pamoja na yule kijana, makosa yalipungua mno, yakawa kama robo tu ya yale ya kwanza. Na alipomruhusu kuandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka, makosa yalipungua pia. Basi mtu hahitaji jeshi la kumwunga mkono. Mara nyingi amhitaji mwenzake mmoja, au kipande cha karatasi.

La tatu ndilo lililonishangaza zaidi, nalo ni kwamba kinywa huweza kuuvuta moyo. Tunajua kwamba mtu husema anayoyaamini. Lakini pia mtu huja kuyaamini aliyokwisha kuyasema. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith walitoa habari za jaribio lao. Waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kwa muda wa saa moja, kisha wakawaomba wamwambie mwenzao aliyekuwa akingoja nje kwamba kazi hiyo inapendeza. Wengine walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola 1. Walipoulizwa baadaye kazi ilikuwaje, waliolipwa dola 1 ndio waliosema kwamba iliwapendeza zaidi. Kwa nini? Yule wa dola 20 alijua kwa nini alidanganya: alidanganya kwa ajili ya fedha. Yule wa dola 1 hakuwa na kisingizio cha kutosha, basi akakibadili kile alichokiamini ili asijione mwongo.

Mimi siku ya baraza sikulipwa hata senti. Na kweli, jioni ile ile nilianza kuona fadhila za utaratibu wa zamani. Nikawaambia wenzangu kwamba kura zingeleta makundi, na kwamba walimu hutujua kuliko tunavyojijua. Huenda hoja hizo zina ukweli. Lakini sikuwa nazo usiku wa kuamkia baraza. Zilikuja baada ya mkono kuinuka, ili kuutetea mkono.

Babu naye alikiri jambo la namna hiyo. Baada ya mwaka 1992 alijikuta akiwaambia watu kwamba tangu mwanzo aliona vyama vingi vinakuja na kwamba yeye hakuvipinga. Alikuwa akiyasema hayo bila nia ya kudanganya, mpaka siku moja bibi aliyekuwa akipepeta mchele aliinua kichwa akasema, "Mbona wewe mwenyewe ndiwe uliyesimama ukakataa?" Babu anasema alinyamaza, kwani alikuwa amesahau kweli. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoweza kusahau. Mabadiliko yakisha kupita, waliokuwa wakiyapinga huwa hawaonekani.

Jambo hili pia laeleza kwa nini mabadiliko mengine huja kwa ghafula. Nitatoa mfano wa Rumania, kwa kuwa mambo ya Ulaya ya Mashariki ndiyo yaliyozitikisa nchi nyingi za chama kimoja, na yetu pia, kabla ya mwaka 1991. Nicolae Ceaușescu alikuwa ameiongoza Rumania tangu mwaka 1965. Desemba 1989 ghasia zilianza katika mji wa Timișoara. Tarehe 21 mwezi huo aliita umati mkubwa katika mji mkuu, Bucharest, ili wamshangilie. Katikati ya hotuba zikasikika kelele za kumzomea. Siku ya pili yake alikimbia kwa helikopta, na tarehe 25 alipigwa risasi akafa, baada ya kesi iliyokwisha upesi. Siamini kwamba watu wale walibadilika moyo katika usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja alimsikia jirani yake. Kabla ya hapo kila mmoja alijua siri yake tu.

Nimejaribu kupeleleza shuleni kwetu. Nimewauliza wanafunzi wa mabweni mengine, mmoja mmoja na kwa upole, walizungumza nini usiku ule. Wengi wameniambia mazungumzo yale yale tuliyokuwa nayo sisi. Kila bweni lilidhani liko peke yake.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba wanaotaka mabadiliko daima wana haki, na wanaoyakataa daima wanafuata mkumbo. Mkumbo una pande mbili. Mwaka 1995, katika uchaguzi wetu mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu kuruhusiwa, mgombea wa upinzani, Augustino Mrema, alivuta watu wengi mno hata wakawa wanalisukuma gari lake kwa mikono. Walikuwako walioapa kwamba amekwisha shinda. Uchaguzi huo ulikuwa na malalamiko yake, hata kura za Dar es Salaam zikarudiwa. Lakini zilipohesabiwa zote, yeye alipata kama 28 katika kila 100, na Benjamin Mkapa wa CCM kama 62. Walioujaza uwanja kwa shangwe hawakuwa kipimo cha nchi, kama vile walioujaza mkutano wa babu kwa kunyamaza hawakuwa kipimo chake. Mtu aweza kushangilia mabadiliko kwa sababu ile ile inayomfanya mwingine kuyakataa: jirani yake afanya hivyo.

Najua baadhi ya wazee watanijibu kwamba umoja ni nguvu, na kwamba vijana tukifundishwa kila mmoja ashike lake, hapatakuwa na nidhamu. Hoja hiyo ina uzito. Nyumba haijengwi kila fundi akifuata kipimo chake. Lakini zipo namna mbili za umoja. Upo umoja unaokuja baada ya shauri, pale watu wanapokwisha semezana, wakahesabiana, na walioshindwa wakakubali. Upo na umoja unaotangulia shauri, ambao watu hunyamaza ili waonekane kuwa pamoja. Wa kwanza hustahimili dhoruba. Wa pili huonekana imara mpaka siku mtu wa kwanza anapozomea.

Hapo ndipo ninapoona hekima ya Tume ya Jaji Nyalali, ingawa nakiri kwamba jambo lenyewe lina utata. Wengi walisema hapana, nayo ikapendekeza ndiyo. Mwenye kusema kwamba wengi wape angekuwa na haki ya kunung'unika. Lakini watu kama 21 katika kila 100 waliothubutu kusema neno lisilozoeleka, katika nchi ambayo chama kilikuwa kimoja kwa sheria, hawawezi kuhesabiwa kwa vidole tu. Aliyesema peke yake yafaa apimwe kwa uzito wa hatua aliyoichukua. Baadhi ya wasomaji watanikatalia. Vema, lingekuwa jambo zuri kwa mdahalo wetu wa Ijumaa.

Basi nini tufanye? Kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi: kabla ya baraza, kabla ya mdahalo, kabla ya kumsikia mtu yeyote, kila mmoja aandike maoni yake kwenye daftari, pamoja na sababu zake. Baada ya siku hiyo aweza kuyabadili, na si aibu. Lakini atajua kwamba ameyabadili, na atajua ni kwa hoja au ni kwa hofu. Kama ningefanya hivyo mimi, daftari langu lingenisuta jioni ile kama bibi alivyomsuta babu.

Kwa wazazi wetu nasema, kwa heshima zote: mtoto anapouliza swali la siasa nyumbani, msimwambie "nyumba hii sisi sote ni wa upande fulani", shauri likaishia hapo. Mwelezeni mlikopita. Babu yangu amenifundisha zaidi kwa kunikiria alivyokosea kuliko kama angenifundisha kwa kujisifu.

Kwa Mkuu wa Shule na walimu wetu nina ombi moja. Naomba swali lile lirudiwe katika baraza la muhula ujao, kwa karatasi na sanduku, pasipo majina. Sijui matokeo yatakuwaje. Huenda utaratibu wa zamani ukashinda tena. Ukishinda nitautii kwa moyo mmoja, maana nitajua kwamba ndio walioutaka wenzangu, na si kwamba ndio walioona wenzao wanautaka.

La mwisho ni kwa yule kijana wa Kidato cha Pili. Ndugu yangu, siku ile ulikuwa na wenzako wengi, ila hukutuona kwa kuwa tulikuwa tumejificha nyuma ya mikono yetu wenyewe. Sijui kama ulikuwa na haki juu ya viranja. Ninalojua ni kwamba wewe peke yako ndiwe uliyemjibu Mkuu wa Shule swali aliloliuliza. Nakuomba radhi kwa kicheko changu, nami naliacha jina lile tangu leo. Wengine wakipenda waliache pia. Na kama karatasi na sanduku havitapatikana, na tukaulizwa tena kwa mikono, basi utakapouinua wako tazama upande wa Kidato cha Nne. Utauona na wangu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne